Sinia, msasa na Spitfire yangu ya pili

Modeli ya mwisho ya utotoni niliiunda nikiwa na miaka 12, na iliyofuata nikiwa na miaka 41. Sikumbuki siku niliyoacha. Masomo yalibana, kazi ikaja, watoto wakaja, na lile kopo nililotunzia brashi sijui liliishia wapi.

Ile ya utotoni ilikuwa Spitfire ya plastiki, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Niliiunda kwa gundi ya tyubu, ile nzito inayovuta nyuzi kama utando wa buibui, na niliimaliza mchana mmoja. Kioo cha rubani kilikuwa kimechafuka gundi, stika zimejikunja, na magurudumu yalisimama kama magoti yanayogongana. Juu ya bawa la kushoto palikuwa na alama kamili ya kidole gumba changu, mistari yote inasomeka. Niliiona nzuri sana.

Kurudi kwangu kulianza kwa kununua, na hapo ndipo nilipokosea. Ndani ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa na masanduku tisa juu ya kabati na sijakata hata kipande kimoja. Nilinunua kompresa na bunduki ndogo ya rangi kwa sababu kila fundi niliyemtazama kwenye video alikuwa nayo. Nilinunua vibano vya aina nne. Usiku nilikuwa nashusha sanduku, nalifungua, natazama vipande vilivyopangwa kwenye fremu zake, nasoma maelekezo ukurasa kwa ukurasa, kisha nalifunga na kulirudisha. Nilikuwa mtunza ghala tu. Kila sanduku lilikuwa zuri mno, na mimi nilijua mikono yangu ilivyo.

Siku moja binti yangu aliuliza, "Baba, hizi ndege huwa zinaruka lini?" Nikacheka, lakini lile swali halikunitoka.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilichagua sanduku dogo na rahisi kuliko yote, tena Spitfire ya 1/72, nikajiambia hii ni ya kuharibu. Nilisema kwa sauti kabisa, mke wangu akanitazama. La pili ni sinia. Nyumbani kwetu meza ni moja, na kila mtu ana shughuli nayo. Ukiwa lazima upange vifaa vyote upya kila unapotaka kufanya kazi ya nusu saa, hutafanya. Kwa hiyo nilichukua sinia pana, nikaweka juu yake ubao wa kukatia, koleo ndogo ya kukatia, kisu, misasa, kibano kimoja na gundi. Muda ukiisha nanyanyua sinia zima, nalipandisha juu ya kabati, kesho nalikuta vilevile. Kama kuna kitu kimoja kilichonirudisha kwenye uundaji, si kompresa. Ni hilo sinia.

Macho nayo yalinishangaza. Ndege yenye upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ukiigawa kwa 72 unapata kama sentimita 15.6. Mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita 24 hivi. Sasa fikiria usukani wa huyo mtu. Utotoni niliuona bila shida. Safari hii niliusogeza mbali, nikausogeza karibu, wapi. Nikakubali miwani ya kukuza inayovaliwa kichwani na taa ya mezani, na nusu ya kutetemeka kwa mikono ikaisha. Kumbe sikuwa natetemeka, nilikuwa sioni.

Gundi imebadilika, au pengine mimi ndiye niliyekuwa siijui. Siku hizi natumia ile nyembamba kama maji, yenye brashi kwenye kifuniko. Plastiki ya modeli ni polistirini, na gundi hii haigandishi vipande kama gundi ya mbao. Inayeyusha kingo zote mbili, zikachanganyika, na kiyeyusho kikishapaa panabaki plastiki moja. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusisha ncha ya brashi kwenye mshono, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Inapendeza kuitazama. Harufu yake lakini si ya mchezo, dirisha liwe wazi.

Mshono wa mgongo wa ndege ndipo nilipojifunza zaidi. Kiwiliwili huja vipande viwili, kushoto na kulia, na mstari wa katikati ukiachwa unaonekana, hata rangi iwe nzuri vipi kitaonekana ni kichezeo. Nilitia gundi, nikasubiri sekunde kadhaa, nikabana taratibu mpaka uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka ukachomoza juu ya mshono wote. Zamani ningeufuta palepale. Sasa niliuacha, kwa sababu uzi huo ndio unaoziba ufa. Nikaacha siku nzima ikauke. Kesho yake nikapita na msasa namba 600, halafu 1000, nikiwa nimeuloweka maji, mpaka kidole hakisikii kitu. Kidole lakini hudanganywa. Nilipopaka praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, ufa wa milimita nne nyuma ya kioo ukajitokeza. Puti kidogo ya kuziba ufa, msasa tena, praima tena. Mara ya tatu mgongo ulikuwa mmoja.

Nikafurahi mno, na furaha ndiyo iliyoniponza. Nilipokuwa naunga bawa la kushoto, kidole gumba kilikuwa kimekaa juu ya mshono upande wa chini. Gundi ikakimbia ndani ya ufa kama kawaida yake, ikaendelea hadi chini ya kidole. Nilipokinyanyua, alama ilikuwa pale pale: mistari yote inasomeka. Miaka 29 imepita, na kidole ni kilekile. Nilikaa nikaitazama kwa muda.

Kabla ya rangi nilipotea tena njia, jioni tatu nzima. Spitfire zilitengenezwa zaidi ya 20,000 na iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, kwa hiyo maandishi juu yake hayaishi. Nikaanza kutafuta kijani sahihi. Kila nilichosoma kilibishana na nilichosoma jana. Mwishowe nilifunga kompyuta nikatumia kijani kilichokuwa kwenye chupa, pamoja na kahawia ya udongo, na hakuna aliyenishtaki. Kompresa niliiacha kwenye sanduku lake. Nilipaka kwa brashi bapa, rangi ya akriliki iliyozimuliwa, tabaka tatu nyembamba. Tabaka la kwanza huwa la kutisha, plastiki inaonekana chini yake na unatamani kurudia papo hapo. Usirudie. Lipe muda, la tatu litafunika.

Stika ndizo zilizonitoa jasho. Ni zile za kuloweka majini, zinateleza kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye bawa. Niliziweka moja kwa moja juu ya rangi isiyong'aa, na zilipokauka zikawa na weupe wa fedha pembezoni. Sababu ni kwamba rangi ya aina hiyo ina uso wa kukwaruza, na hewa hunaswa kwenye vishimo vyake chini ya stika. Ilitakiwa vanishi ya kung'aa kwanza, stika baadaye, halafu vanishi isiyong'aa juu ya yote. Nilijaribu kuokoa: nilitoboa stika kwa ncha ya sindano, nikadondoshea dawa ya kulainishia stika. Ikakunjamana yote kama ngozi ya maziwa. Nikaingiwa na hofu, nikaigusa kwa kidole ili kuinyoosha, na duara jekundu na buluu likachanika vipande viwili. Bawa la pili sikuligusa. Stika ilikunjamana vilevile, nikaondoka chumbani kabisa, na nilipoamka asubuhi ilikuwa imelala bapa, hata mistari ya mabati ya bawa inaonekana kupitia kwake. Dawa hufanya hivyo yenyewe, inataka tu uiache. Lile duara lililochanika nililiziba kwa rangi na kijiti cha meno.

Kioo cha rubani nikakiharibu kwa supaglu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na mimi nilijua, nilishasoma, lakini nilikuwa na haraka ya kumaliza. Niking'oe, nisiking'oe? Nikaking'oa. Nilikisugua kwa msasa laini kabisa, nikamalizia kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba, halafu nikakichovya kwenye vanishi angavu ya akriliki na kukifunika kwa bakuli kisishike vumbi. Ukungu ukaondoka. Safari ya pili nilitumia gundi nyeupe ya karatasi, ambayo hukauka ikawa angavu na haitoi mvuke wa namna hiyo.

Kisha gurudumu la mkiani likaruka kutoka kwenye kibano. Mlio mdogo, tik, basi. Kitu cha milimita tatu kwenye sakafu. Nilipiga magoti nikatafuta nusu saa, nikakata tamaa. Binti yangu alizima taa ya chumba, akalaza tochi sakafuni ili mwanga upite chini chini, na kila chembe ikatupa kivuli kirefu. "Hiki, Baba?" Hapana, hicho ni mchanga. "Na hiki?" Ndicho.

Siku ya mwisho nilimruhusu atengeneze waya wa antena. Tulishika kipande cha fremu juu ya mshumaa mpaka katikati pakalegea, tukakitoa motoni, akavuta mikono kwa mwendo mmoja usiokatika. Plastiki ikanyooka ikawa uzi mwembamba kama unywele. Wa kwanza ulikatika, wa pili pia. Wa tatu ndio uliopo, kutoka kwenye mlingoti nyuma ya rubani hadi mkiani.

Ilichukua wiki saba, nyingi zikiwa za kusubiri vitu vikauke. Mshono wa bawa la kulia haujakaa sawa na rangi imevuka mpaka karibu na injini. Alama ya kidole gumba chini ya bawa nilikuwa na msasa mkononi tayari, nikauweka chini. Imepakwa rangi juu yake na bado inasomeka ukiigeuza ndege kwenye mwanga.

Sasa sinia lina kifaru cha vita cha Kisovieti, T-34, skeli ya 1/35. Skeli hii ilizaliwa kwa bahati: Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, walipotoa modeli yao ya kifaru cha Kijerumani cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilihitaji nafasi ya mota na betri ndani, na ukubwa uliopatikana ukafuatwa na wengine. Kila upande wa T-34 una magurudumu matano, na kila moja ni sahani mbili, kwa hiyo 20 za kupigwa msasa. Nimemaliza saba.