Nilidhani IT hawajui natumia Thunderbird

Mimi mtu wa kibodi bana. Kwenye Thunderbird, programu ya bure ya kusomea imeili, nikibonyeza A imeili inaenda kabatini (archive), nikibonyeza N inaniruka mpaka ambayo sijaisoma, nikizoea hivyo kipanya sitaki tena. Ofisini kwetu hapa Dar sheria ni Outlook, programu ya imeili ya Microsoft, wote, na siipondi, tatizo langu lilikuwa laptopu niliyopewa, RAM 4GB, diski ile ya kizamani ya kuzunguka, halafu imeili za miaka saba zimejaa PDF za ankara. Asubuhi nawasha, nashuka kwa mama lishe nakunywa chai na chapati mbili, napanda, bado inafunguka.

Basi 2020 nikaweka Thunderbird kimya kimya. Enzi hizo ilikuwa mteremko tu, IMAP (njia ya programu kuvuta imeili kutoka kwenye seva) bandari (port) 993, paswedi, kwisha habari. Oktoba 2022 Microsoft wakaanza kuzima kuingia kwa paswedi tupu kwenye Exchange Online, huduma yao ya imeili za ofisi tunayotumia, wakataka OAuth, yaani unaingia kwenye ukurasa wao kisha programu inapewa kibali badala ya kushika paswedi yako. Ni salama zaidi, sibishi, na Thunderbird inaiweza vizuri tu, ila kwetu IMAP yenyewe nayo ikafungwa hapo hapo.

Ndo nikakutana na DavMail. Ni kaprogramu ka Java, unakaweka kwenye mashine yako kanajifanya seva, Thunderbird inaongea nako kwa IMAP bandari 1143, halafu kenyewe kanageuka kuongea na Exchange kwa lugha yake, EWS. Mkalimani kabisa. (Ndiyo, nilikimbia programu nzito nikaenda kuweka Java kwenye 4GB, msinicheke.)

Kakapiga kazi hata sikumbuki kama kapo, mpaka siku niliyobadilisha paswedi. Kibali kikafa, DavMail ikaweka kialama kule chini kwenye kona ambako siangaliagi, na mimi nakaa nasema leo kimya, watu wameenda wapi. Kumbe kikao cha saa nane kimesogezwa saa nne, mwaliko umetumwa, kila mtu kakubali isipokuwa mimi. Saa nne na nusu bosi ananipigia, "Uko wapi?" Niko kwenye kiti changu, mzee, mita kumi kutoka hapo.

Nikaenda kwa kaka wa IT nimejiandaa kukiri. Wala hakushtuka. "Kaka, hiyo DavMail yako naiona kwenye logi, rekodi za seva, tangu mwaka juzi, nilikuwa nasubiri uje mwenyewe." Miaka yote najiona mjanja! Akanikalisha, akaniambia Outlook na Thunderbird kwake yote sawa, kinachomnyima usingizi ni kwamba Thunderbird inatunza imeili kwenye diski kama mafaili ya kawaida, hazijafichwa, na laptopu yangu haikuwa na BitLocker, kufuli la Windows linaloficha kila kitu kwenye diski. Ikiporwa kwenye daladala, mwizi anachomoa diski anasoma mikataba ya wateja kama gazeti. Hapo nikanyamaza, maana hilo sijawahi kuliwaza hata siku moja, mimi nilikuwa nawaza A na N tu.

Tukaelewana. BitLocker ikawashwa, DavMail ikabaki, kalenda naifungua kwenye brauza asubuhi na inabaki wazi mpaka jioni, sitaki tena mkalimani aguse mikutano yangu. Akaniongezea na RAM ikafika 8GB, na kusema kweli sasa hivi Outlook inafunguka kabla sijafika kwenye ngazi, kisingizio kimekufa. Bado siitumii. Thunderbird wenyewe wameshaweka uwezo wa kuongea na Exchange moja kwa moja, bila DavMail, kwenye toleo la 145, imeili tu, kalenda bado, ila nayo inapitia EWS hiyo hiyo ambayo Microsoft wametangaza itaanza kuzimwa Oktoba 2026 kwa waliopo Exchange Online. Kwa hiyo safari hii nimemwuliza kaka wa IT mapema, kasema nimkumbushe Septemba. Nimeiweka kwenye kalenda.