Jengo moja, dini tatu

Ijumaa hii nimeswali msikiti wa Brick Lane, mashariki ya London. Nikitoka, jirani yangu, mzee wa Kiyahudi, ananingoja ng'ambo ya barabara na mfuko wa mikate. Akanyoosha bakora juu ukutani: saa ya jua ya mwaka 1743. Wakati huo lilikuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Mwaka 1898 likawa sinagogi, 1976 likawa msikiti.

"Babu yangu alisali mlemle ulimotoka," akaniambia.

Babu huyo alitokea Urusi. Akina babu waliambiwa wanajazana, ndevu zao, Kiyidi chao, lugha ya Wayahudi wa huko, hawatakuwa Waingereza kamwe. Mwaka 1905 Bunge likapitisha sheria ya kuwabana wageni. Mzee anasema akisikia Wabengali, wahamiaji wa leo mtaani hapa, wanasemwa, anamsikia babu akisemwa.

Dada yake, tuliyekuwa naye, akaguna. Yeye haoni hivyo kabisa! Baba yao aliacha Kiyidi, akabadili jina la ukoo likawa la Kiingereza, maisha yakaenda. Wageni wa leo nao wajitahidi. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema sinagogi lake siku hizi lina walinzi mlangoni, na anaogopa.

"Jina alilibadili kwa hofu," mzee akamjibu. "Unamsifu kwa hofu yake?"

Mie kimya, kofia mkononi. Namfikiria mwanangu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Dada mtu akanipa mkate. "Kula, bado wa moto."