Nyumba ya nguzo 36: wiki ya nne

Meza ya chakula bado imejaa kadibodi. Watoto wanakulia mkekani na hawalalamiki.

Niko kwenye kielelezo cha pili cha nyumba ninayotaka kujenga Kibaha, kwa mpango wa nyumba za jadi za Kichina. Cha kwanza kiliishia kuwashia mkaa, kosa langu mwenyewe: nilinakili siheyuan, nyumba ya jadi ya Beijing, kama ilivyo, vyumba pande nne na ua wa mita 9 kwa 9 katikati. Kule ua mpana una kazi yake. Baridi ya Januari inauma, kwa hiyo nyumba kuu hukaa upande wa kaskazini ikitazama kusini, ili jua la kipupwe liingie hadi ndani. Sisi Kibaha jua hatulitafuti. Mwanzoni mwa Machi, linaposimama utosini saa sita, nilitoa kielelezo nje nikakaa nacho mchana kutwa. Hadi saa kumi jioni zaidi ya nusu ya ua ilikuwa bado inaungua.

Nikahamia kwenye mtindo wa kusini mwa China. Nyumba za zamani za Huizhou, kama zile za Hongcun mkoani Anhui, zina ua mwembamba kati ya kuta ndefu. Wanauita tianjing, yaani kisima cha mbingu. Wangu nikaukata mita 3 kwa 9. Kwanza niliulaza mashariki-magharibi, jua likapita humo kutwa kama lori barabarani. Nikaugeuza kaskazini-kusini. Saa kumi sakafu yote ilikuwa kivulini, nikamwita mke wangu aje aone. Akaona kadibodi.

Lakini kilichonivuta tangu mwanzo si ua, ni nguzo. Nyumba ya jadi ya Kichina huhesabiwa kwa jian, ile nafasi ya kati ya nguzo na nguzo. Paa hubebwa na fremu ya mbao; ukuta kazi yake kuziba tu. Wenyewe husema ukuta huanguka, nyumba ikabaki imesimama. Ndiyo maana siku ya shughuli waliweza kung'oa milango ya mbele, ukumbi na ua vikawa kitu kimoja. Kwetu tofali ndilo linalobeba kenchi. Ukitaka kuunganisha vyumba viwili unaanza kuogopa.

Basi nikapanga jian tano kwa tano, za mita 3 kila upande. Jian moja inaingia kitanda cha tano kwa sita na kabati, na mtu anapita bila kujibana. Mama akija kukaa, ubao unaotenganisha jian mbili unaondoka, anapata chumba cha mita 3 kwa 6 chenye mlango wa uani. Akirudi kijijini tunaurudisha, chumba cha upande wa getini tunapangisha.

Paa limeniletea ugomvi. Huizhou humwaga maji ndani ya ua, kwao maji ni mali. Langu ni mita za mraba 198: mvua ya milimita 50 inashusha karibu lita 10,000. Mama mkwe alisikia akasema hayo si mali, ni mafuriko. Nimekubali nusu ya paa imwage nje.

Jana fundi alihesabu nguzo kwa kidole hadi 36, akauliza kama najenga nyumba au ghala. Leo nimechora upya: jian nne kwa nne za mita 3.6, nguzo 25, ua umesogea pembeni. Wachina hupenda jian ziwe witiri, lakini nondo nanunua mimi.