Doa la waridi

Jumapili asubuhi nilikuwa namsuka binti yangu, kichwa chake magotini pangu, akainua macho akaniambia, "Mama, jino lako lina lipstiki." Sipaki lipstiki. Nikaenda kwenye kioo, nikasugua kwa kidole, kisha kwa mswaki, kisha kwa chumvi kama alivyokuwa akifanya bibi. Doa halikutoka. Lilikuwa ndani ya jino la mbele, dogo kama punje ya ulezi, rangi ya waridi. Jino lenyewe haliumi. Hata maji ya friji haliyasikii.

Jumatano nikaenda kwa daktari wa meno. Akaligonga jino kwa mpini wa kioo chake, akapiga picha, akanionyesha kwenye skrini. Katikati ya jino kuna mfereji mwembamba unaokwenda mpaka ncha ya mzizi. Wa jino langu, njiani, umetanuka kama nyoka aliyemeza yai.

"Jino linaliwa kwa ndani, dada. Uliwahi kuanguka?"

Niliwahi. Darasa la tano, baiskeli ya baba ile yenye bomba, mguu nimeupitisha chini ya bomba kwa kuwa kitako hakifiki kwenye siti, mteremko wa kwenda sokoni. Mdomo ulivimba siku tatu. Jino likacheza wiki nzima, likatulia, tukasahau. Miaka 24 sasa.

Nikamwuliza, ni nani anayelila? Nilitegemea bakteria, au soda ninazokunywa. Akasema, ni mwili wako mwenyewe. Kuna seli kubwa zenye viini vingi, ndugu wa zile zinazobomoa mfupa uliochakaa ili mpya ujengwe. Utotoni ndizo zilizoyeyusha mizizi ya meno yetu ya maziwa mpaka yakang'oka. Kwenye jino la ukubwani hazitakiwi, na ukuta wa ule mfereji una tandiko laini linalozizuia. Pigo likilichana tandiko hilo, na kiini cha jino, yaani ile nyama laini ya ndani ya mfereji, kikaingia mchochota, ule uvimbe unaowaka, seli hupata pa kushika na kuanza kuyeyusha. Nafasi inayobaki hujaa nyama yenye mishipa ya damu, na wekundu wake hupenya kwenye gamba la nje la jino. Hilo ndilo doa. Mwingereza mmoja, James Howard Mummery, aliandika juu ya madoa haya mwaka 1920, na mpaka leo madaktari wanalitaja jina lake.

Nilipofika nyumbani sikuifikiria baiskeli. Niliifikiria mikono ya mama.

Mama ana baridi yabisi. Vidole vyake vimelala upande mmoja kama minazi iliyozoea kusi, nazi hakuni tena, na kifuniko cha chupa anafunguliwa na wajukuu. Usiku, taa imezimwa, nikasoma kwenye simu kwamba seli zinazotafuna mfupa kwenye viungo vya mgonjwa wa baridi yabisi ni wa ukoo uleule na hizi za jino langu. Hata kinachoziamsha ni kimoja, protini iitwayo RANKL, na mchochota huizidisha. Basi nikaanza kushona kila kitu pamoja. Asubuhi vidole vyangu navyo huwa vizito. Fizi zangu hutoka damu. Kumbe mwili mzima unawaka! Na niseme ukweli, kulikuwa na raha fulani ndani ya hofu ile, raha ya kuona kila kinachonisumbua kimepata jina moja.

Raha hiyo imewahi kuwaponza watu. Mwaka 1910, huko Montreal, daktari William Hunter alisimama akalaumu meno yaliyooza na kufunikwa kwa dhahabu kwamba ndiyo chanzo cha maradhi mengi mwilini. Kwa miaka mingi baadaye watu waling'olewa meno kwa ajili ya viungo, kwa ajili ya tumbo. Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Trenton, New Jersey, aliwang'oa wagonjwa wake meno akiamini wazimu umejificha humo. Kisha akahamia kwenye matumbo yao, na wengi wakafa. Nikaizima simu.

Ijumaa nikamweleza dokta mashono yangu yote. Hakucheka. Alisema ugonjwa wa fizi na kisukari huchocheana, hilo linajulikana, na baridi yabisi nayo huonekana zaidi kwa wenye fizi mbovu. Lakini jino moja, lilelile lililopigwa, halihitaji sababu nyingine. Yangekuwa meno mengi yanaliwa bila ajali, angetaka nipimwe damu. Vidole nikamwonyeshe daktari wa viungo, kwa sababu yake yenyewe, na fizi nije zisafishwe. Jumanne atatoa kiini, seli zikose damu ya kuishi, aweke dawa ya kalisi, kisha aje azibe. Ukuta wa jino haujatoboka, na hilo lilimfurahisha kuliko mimi.

Jioni hiyohiyo jino la binti yangu likang'oka kwenye kipande cha muhogo. Nililishika kabla hajalirusha paani: kofia nyeupe tupu, chini pamechimbika, ukingo unakwaruza kama sufuria iliyoliwa na kutu. Mzizi hamna.

Mama nilimpigia baada ya isha, nikamsimulia yote, mpaka Trenton. Akasikiliza. Halafu akauliza kama litakuwa limeshazibwa kabla ya Ramadhani, maana mwaka huu sambusa ni zamu yangu.