Siku moja maishani mwangu: fundi wa kunyamazisha ekzosi za bodaboda, Tandika, Dar es Salaam

Saa 12:30 asubuhi nafungua banda. Natoa mashine ya kuchomelea, grinda, drili na sanduku la spana, namwagia maji vumbi la mbele, naagiza chai na chapati kwa mama ntilie. Chai haijapoa, kijana ninayemfundisha kazi amefika na pikipiki ya kwanza imeshasimamishwa kwenye stendi.

Kazi yangu ni ekzosi. Watu wakisikia hivyo wanadhani mimi ndiye ninayewakatia vijana ekzosi zao ili zipige kelele mtaa mzima. Hapana, mimi nazinyamazisha. Kuikata ekzosi na kung'oa vya ndani ni kazi ya dakika chache kwa yeyote mwenye grinda. Kuirudishia ukimya bila kuinyonga injini kunataka akili, vipimo na uvumilivu, na nataka watu wajue hivyo.

Saa 1 hadi saa 4 ni kazi ndogondogo: flenji iliyopasuka, bomba lililooza kwa kutu, bajaji iliyolegea kikamatio. Moja tu ndiyo iliyonishika. Pikipiki aina ya Boxer ilikuwa ikipunguziwa mafuta ghafla inapiga baruti, pa, pa, na mwenye nayo ameshabadilisha plagi bila nafuu. Nikaiwasha ingurume taratibu bila kupewa mafuta, nikaziba nusu ya mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, kijana wangu akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba na injini kabla chuma hakijapata moto. Povu likavimba upande mmoja. Gasketi ya kopa imekufa, hewa inavutwa ndani dereva akipunguza mafuta, na petroli iliyobaki inawakia humo humo bombani. Gasketi mpya, nati mbili, baruti imekwisha. Akaondoka anafurahi.

Saa 4 na kitu nikamsikia mteja wa leo kabla sijamwona. Tangu kona ya soko anakuja, na akina mama wa mboga wameziba masikio.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Zima kwanza."

Hakuzima. Akapiga resi mara mbili ili nisikie vizuri, kana kwamba nilikuwa sijasikia. Alipozima akanieleza shida yake. Kuna mama anauza samaki, kila alfajiri saa 10 anampeleka Feri, soko la samaki. Ndiye abiria wake wa uhakika, hela yake peke yake ni zaidi ya nusu ya hesabu anayompelekea tajiri mwenye pikipiki. Sasa nyumbani kwa yule mama kuna mjukuu mchanga, na majirani wamelalamika hadi kwa mjumbe. Mama amemwambia asikanyage tena getini mpaka pikipiki inyamaze.

"Nataka iwe kimya, fundi. Ila mlio wake usipotee."

Nikamwambia achague moja. Akasema basi nimwekee stilwaya ya kuoshea vyombo humo ndani, tumalize, ana haraka. Hili naambiwa na wateja kila mara, na linaniudhi. Stilwaya ikipata ule moto na ule msukumo inaungua na kukatikakatika, nyingine inatoka nje, nyingine inajikusanya mahali pamoja na kuziba njia. Wiki haiishi, kelele imerudi na injini inachemka.

Nikaifungua ekzosi yake mbele ya macho yake. Gamba tupu! Aliyemkatia alikuwa ameng'oa vizuizi vyote, na nyuma akarudishia kifuniko chenye tundu moja kubwa. Nikamkalisha kwenye benchi nikamweleza, kwa sababu mteja asiyeelewa atarudi kukata tena. Injini yake inalipua mara moja kila krenki, yaani shafti kuu ya injini, inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 kila sekunde, na kila mlipuko unasukuma wimbi la mgandamizo bombani. Kazi ya ekzosi ni kuyavunja mawimbi hayo: moshi unaingia kwenye chumba kipana, unatanuka, unapita kwenye vitundu, unageuka, unaingia chumba cha pili, ndipo utoke. Yakigonga kuta na kurudiana, mawimbi yanauana yenyewe kwa yenyewe. Ukiondoa vyumba, unachosikia ni mlipuko mtupu.

Akasema ameelewa. Akauliza bei. Nikamwambia 25,000. Akasema 8,000. Tukazungushana hapo mpaka chai ya saa 5 ikapita, akapiga simu kwa watu wawili kuuliza bei, akarudi akasema basi 15,000 na bomba analeta mwenyewe. Akaja na kipande cha bomba la maji, lile lenye zinki. Nikalikataa. Ukichomelea zinki inatoa moshi mweupe, na fundi anayeuvuta usiku anatetemeka kwa homa, kifua kinabana na viungo vinauma. Mafundi wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanatoa sumu, lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi umekwenda kwenye mapafu. Mimi natumia bomba jeusi, lisilo na zinki. Mwisho tukakubaliana 22,000.

Nikakata vipande viwili vya bomba lenye upana wa ndani wa milimita 24. Hapa ndipo mafundi wa kubahatisha wanapoanguka. Mwisho wa bomba unazibwa, moshi wote unapita kwenye vitundu vya ubavuni, kwa hiyo vitundu vyote kwa pamoja lazima vipitishe zaidi ya linavyopitisha bomba lenyewe. Hesabu yake ni fupi. Natoboa kwa drili ya milimita 4. 24 gawa kwa 4 ni 6, na 6 mara 6 ni 36. Vitundu 36 ndiyo sawa na mdomo wa bomba. Mimi naweka 60, kwa sababu kaboni itakuja kuziba vingine na injini lazima ipumue. Kijana wangu alianza kutoboa, mimi nikakata bamba la duara la kugawa vyumba viwili.

Umeme ukakatika. Ilikuwa saa 7 mchana, vitundu vimefika nusu, na mteja wangu akaanza kuzunguka banda akiniuliza utarudi saa ngapi, kama vile swichi ninayo mimi. Kila anayepita anamsimulia kwamba amekaa tangu asubuhi. Akajaribu kunishawishi nifunge hivyo hivyo. Akamwambia kijana wangu atoboe kwa msumari. Jua kali, bati la banda linawaka, na kelele za asubuhi bado zinavuma kichwani mwangu. Navaa vizibo vya masikio kila ninapowasha grinda. Wataalamu wa Marekani wa afya kazini wanashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85, na kila ikipanda desibeli 3 muda huo unagawanywa kwa mbili. Kwenye 100 ni dakika 15 tu. Fikiria huyu dogo anaendesha ile kitu kutwa nzima, na mtoto mchanga yuko upande wa pili wa ukuta.

Umeme ulirudi alasiri inaanza, na kuanzia hapo sikutazama tena saa. Tukamaliza vitundu, nikasafisha kutu kwa brashi ya waya, nikashikiza bamba kwa nukta nne kisha nikalizungushia weldi. Nilichomelea ekzosi ikiwa chini, maana ukichomelea ikiwa bado kwenye pikipiki, betri imeungwa, unaweza kumuulia mwenzako CDI, kile kifaa kinachoipa plagi cheche. Mgongo unauma, jasho linaingia machoni ndani ya miwani, mteja amesimama juu yangu anauliza kama imekwisha.

Asubuhi nilikuwa nimepima kelele yake kwa programu ya simu, simu ikiwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi na imekaa pembeni kwa nyuzi 45, ikasoma desibeli 103. Programu ya simu si kipimo cha kisheria, lakini ukipima mahali pale pale kwa resi ile ile unaona tofauti. Sasa ikasoma 89. Desibeli 10 zikishuka, sikio linasikia kama kelele imepungua nusu, na hizi ni 14. Mama mmoja wa mboga akauliza kama pikipiki imezimika.

Mteja akazunguka mtaa mara moja, akarudi amekunja uso. "Fundi, umeiua nguvu."

Hilo ndilo linalonichosha kuliko grinda. Alizoea kupima nguvu kwa sikio. Nikapanda nyuma yake, nikamwambia twende TAZARA, tupande daraja la Mfugale kwa gia ya tatu tukiwa wawili. Ikapanda bila kushtuka. Tulipofika nikaifungua plagi: ina rangi ya kahawia iliyopauka, haikuwa nyeupe ya kuungua wala nyeusi ya masizi. Nikaweka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi, pumzi inatoka laini na haikatiki. Nikamwonyesha vyote. Akakaa kimya, kisha akasema abiria aliyembeba jana alikuwa akimpigia kelele sikioni ndipo amsikie, na sasa tumeongea njia nzima.

Alinipa 17,000. Iliyobaki 5,000 ataleta kesho akishamshusha mama Feri, na nimeiandika kwenye daftari.

Giza limeingia, nafagia vyuma, akaja kijana mwingine na Boxer mpya kabisa, namba bado inang'aa. Anataka nimkatie ekzosi, atanilipa 10,000 sasa hivi. Nikamwambia kazi hiyo hapa haifanyiki, nikamtajia atakacholipa siku akitaka kuirudisha ilivyokuwa. Akasema atanitafuta. Nikafunga banda, maana asubuhi kuna bajaji inayonisubiri na drili ya milimita 4 imeshakuwa butu.