ID ya faili: herufi chache ndo poa

Mtu akianza kutengeneza programu ya kutunza mafaili utamsikia anauliza ID, yaani kile kitambulisho ambacho kila faili linapewa na kutumika kama jina lake, iwe na urefu gani, mi naona aanze na herufi zenyewe, maana urefu utauongeza hata baadaye ila ID zikishasambaa kwa watu huzirudishi tena.

Alama zilizokatazwa kwenye majina ya faili hazisumbui sana. Windows haitaki < > : " / \ | ? * na Linux inakataa slashi tu na ile baiti ya sifuri, basi wewe fuata iliyo kali zaidi.

Balaa liko kwenye herufi kubwa na ndogo. Wengi wanakimbilia Base64, mfumo wa kuandika data kwa alama 64, kwa sababu ID inakuwa fupi, ila ile ya kawaida ina + na /, na hiyo slashi kompyuta inadhani ni folda. Ile ya kwenye linki imeweka - na _ badala yake, sawa, lakini bado aB3 na Ab3 ni ID mbili tofauti wakati Windows, na Mac pia kwa seti yake ya kawaida, inaona jina moja, kwa hiyo programu ikiandika la pili linakalia la kwanza kimyakimya hata erori huioni. Halafu ID ikianza na kistari amri za tamino (lile dirisha la kuandikia amri) zinadhani umezipa opsheni, si jina la faili!

Kura yangu naipa Base32 ya mtaalamu wa programu Douglas Crockford, yenye alama 32 tu: tarakimu 10 na herufi 22, kubwa au ndogo ni yale yale. I na L zimetolewa kwa kufanana na 1, O kwa kufanana na 0, na U ili ID isije ikajitungia tusi yenyewe (jamaa aliwaza mbali haha). Mtu akikosea akaandika O inasomwa 0 tu. Na herufi 8 zinakupa ID zaidi ya trilioni 1, unataka nini tena.

Kuna utamu mwingine, Windows ina majina yake iliyoyahodhi kama CON, AUX, NUL, COM1, LPT1, na kwa kuwa I, L, O na U hazipo kwenye ID zetu, linalobaki linaweza kutokea ni PRN peke yake. Hilo unalimaliza kwa kuanza kila ID na herufi moja ile ile, tuseme F, na hapo hapo unakuwa umeikwepa Excel ambayo ikiona 12E5 inadhani ni namba (12 na sifuri 5) inaigeuza 1200000 na ikiona 00417 inakata sifuri za mbele.