Ninavyopima nadharia za ukoo uliofichwa: Dabi, Shigaraki na baba yake Midoriya

Kwanza onyo: humu nafichua siri za My Hero Academia, hadithi ya Kijapani ya mashujaa na wahalifu wenye vipawa, yaani nguvu za ajabu. Ni siri za manga (vitabu vya katuni) na za anime (katuni za televisheni) pia. Kama hujamaliza msimu wa sita, ishia hapa.

Nadharia kuhusu ukoo wa giza wa mhusika ndizo zinazowachangamsha zaidi mashabiki wa anime hapa Nairobi, na ndizo zinazoharibika upesi zaidi. Mtu anaona macho mawili yenye rangi moja, papo hapo anatangaza baba na mwana. Mimi nimejizoesha kuanzia kwingine. Wajihi nauweka mwisho. Natangulia kutafuta kile anachokijua mhusika ambacho mgeni asingekijua, au asingekuwa na haja ya kukisema. Kisha natafuta pengo ambalo mwandishi mwenyewe ameliacha wazi ndani ya familia inayojulikana. Viwili hivyo vikikutana, nadharia ina miguu. Kimoja kikikosekana naiweka kando, hata ikishangiliwa mji mzima.

Kifaa changu ni daftari la kawaida la mistari. Kila ukurasa naugawa safu nne. Ya kwanza ni namba ya sura na ya ukurasa. Ya pili ni jambo lenyewe, kama lilivyochorwa au kusemwa, bila tafsiri yangu. Ya tatu ni nani amelisema na nani alikuwepo akisikia. Ya nne ni maelezo mengine yanayowezekana kama nadharia si kweli. Safu hii ya nne ndiyo mashabiki wengi huiruka, na ndiyo inayofanya kazi yote. Ushahidi ambao safu yake ya nne inajaa bila jasho naupunguzia nusu ya alama zake.

Alama zenyewe natoa hivi: ujuzi usioelezeka, 3; pengo la ndugu au mzazi aliyetajwa kwa jina, 3; ahadi ya wazi ya mwandishi, 2; kipawa kinachoonekana kurithiwa au nyakati zinazolingana, 1; macho, nywele, umbo la kidevu, nusu. Siitetei nadharia yoyote iliyo chini ya 7, wala ile iliyofika 7 bila kupata kitu kwenye ujuzi na pengo. Ni viwango vyangu tu, unaweza kuvibadilisha, lakini usiupandishe wajihi. Ukiupa alama 2, kila mwenye nywele nyeupe atakuwa ndugu wa kila mwenye nywele nyeupe.

Dabi, mhalifu mwenye kipawa cha moto, ndiye mfano mzuri kuliko wote. Anaingia kwenye hadithi akiletwa kwa Shigaraki, kiongozi wa kundi la wahalifu, na dalali Giran, pamoja na mhalifu mwingine, Toga. Anapotakiwa kutaja jina lake halisi, anajibu kwamba kwa sasa anajiita Dabi, la kweli atalitoa wakati wake ukifika. Sura moja ya manga ya kila wiki kwa kawaida haizidi kurasa 19 hivi. Mwandishi Kohei Horikoshi hakuwa na nafasi ya kupoteza kiputo cha maneno kutuambia kuna jina lililofichwa, kama jina hilo halikuwa la mtu tunayeweza kumhusisha na mwingine. Hapo naandika 2, ahadi.

Halafu njoo kwenye uvamizi wa kambi ya mafunzo msituni. Bakugo, mwanafunzi wa U.A., shule ya mashujaa, amefungiwa ndani ya kigololi na Mr. Compress, mhalifu wa kundi la Dabi. Shoto, mwanafunzi mwenzake Bakugo, ananyoosha mkono kukidaka, Dabi anakinyakua mbele ya vidole vyake na kusema: inasikitisha, Todoroki Shoto. Utazame ukurasa huo polepole. Kikosi kilikuja kumteka Bakugo, Shoto hakuwa shabaha yao. Safu ya nne inasema: mashindano ya michezo ya U.A. yalionyeshwa kwenye televisheni nchi nzima, kwa hiyo jina la kijana halikuwa siri. Sawa, nusu ya alama. Lakini baadaye, Endeavor, shujaa ambaye ni baba yake Shoto, akiwa hoi baada ya kupambana na Nomu (kiumbe kilichotengenezwa na wahalifu) wa daraja la juu, Dabi anatokea, na akiondoka anamwita Todoroki Enji, si Endeavor. Ukiliweka hili kando ya lile la msituni, yale maelezo ya televisheni yanapwaya. Kulijua jina ni rahisi. Lakini kufikia hapo hakuna shujaa mwingine ambaye Dabi amemwita hivyo, jina kamili, kwa sauti ya mtu mwenye neno la kusema na nyumba hiyo. Narudisha alama zote 3.

Pengo sasa. Wakati wa mashindano ya michezo, Shoto anamweleza Midoriya, mhusika mkuu wa hadithi, habari ya ndoa ya vipawa. Enji alikuwa wa pili nyuma ya All Might, shujaa namba moja, kwa miaka mingi, akamwoa Rei kwa ajili ya kipawa chake cha barafu, akawa anasaka mtoto atakayempita All Might. Shoto ni kitinda mimba, na ndiye aliyetoka kama baba alivyotaka. Dada yake Fuyumi na kaka yake Natsuo tunawaona. Kifungua mimba hatumwoni. Kisha Natsuo anamtaja kaka yao Toya, na tunapata kuiona picha yake kwenye madhabahu ya wafu ya pale nyumbani. Mtoto aliyekufa, mwenye jina na picha, ambaye kifo chake hakisimuliwi: sijaona pengo lenye nguvu kuliko hilo. Alama 3 bila mjadala.

Kipawa ndicho kilichowachanganya watu. Wapinzani wa nadharia walisema: angekuwa mwana wa Endeavor, moto wake usingemuunguza. Mwili wa Dabi umeshonwa kwa vibanio kila ngozi nzima inapokutana na iliyoungua, na akiutumia moto sana anazidi kuharibika. Mimi niliuona ushahidi huohuo ukielekea upande wa pili. Familia hii imejengwa juu ya wazo la kuchanganya damu mbili, na mchanganyiko unaweza kutoka vibaya. Ndivyo ilivyokuja kuelezwa: Toya alirithi moto mkali kuliko wa baba, akarithi na mwili wa mama, uliofaa kustahimili baridi na si joto. Mwandishi akikuonyesha mhusika ambaye mwili wake unapingana na kipawa chake, uliza wazazi wake walikuwa nani kabla ya kuuliza alijeruhiwa na nani.

Kipawa nakipa 1. Macho ya kibluu-kijani yanayofanana na ya Enji, nusu alama. Nywele nyeusi zilikuwa hoja kubwa ya kupinga, na ndiyo sababu wajihi naupa nusu tu: nywele hupakwa rangi. Jumla ni 9 na nusu. Vita kati ya mashujaa na wahalifu vilipoanza, Dabi alimtaja shujaa Hawks kwa jina lake halisi, Takami Keigo, kisha akamwambia la kwake, nasi wasomaji tukafichwa. Ni ile ahadi ya mwanzo kabisa, mwandishi anaikumbusha. Malipo yakaja kwenye sura ya 290, mwaka 2020. Dabi anajimwagia kioevu cha chupa kichwani, weusi unachuruzika, nywele nyeupe kama za Rei zinabaki, na video aliyoirekodi inarushwa nchi nzima pamoja na matokeo ya vinasaba.

Usilifunge daftari baada ya ufunuo. Nadharia ya kweli huendelea kupata ushahidi, na hapo ndipo unapojua kama ulikisia au ulisoma. Sura za 301 na 302 zinatupa tukio la kilele cha mlima wa Sekoto: Toya ana miaka 13, anamngoja baba ambaye haji, moto unamshinda, na kinachopatikana ni kipande cha mfupa wa taya. Rudi kwenye mchoro wa kwanza kabisa wa Dabi uangalie sehemu ya chini ya uso wake ilivyo. Pima na umri: Shoto wakati huo ni mtoto wa miaka 5 hivi, kwa hiyo Shoto akiwa U.A. Dabi anapaswa kuwa na miaka ishirini na kitu. Inalingana. Umri nauangalia kila mara, kwa sababu nadharia nyingi za ukoo huangukia hapo, mama anajikuta amezaa akiwa na miaka tisa.

Kwa Shigaraki sina mengi, maana ukoo wake ulifunuliwa mapema, All For One, mhalifu mkuu aliyemlea, alipomwambia All Might kwenye pambano la Kamino kwamba kijana huyu ni mjukuu wa Nana Shimura, mwalimu wa All Might. Lakini chukua tukio la kwanza la U.S.J., kituo cha mazoezi cha U.A. Kiganja kilichofunika uso wake kinapodondoka, anakiokota na kumwomba baba msamaha. Wengi walisoma kama wazimu wa mhalifu. Kilikuwa kiganja cha Kotaro, baba yake mzazi, aliyekufa kwa kipawa cha kuozesha cha Shigaraki mwenyewe pamoja na mama, dada Hana, bibi na babu, hata mbwa Mon. Neno la kifamilia likitamkwa kwa kitu kisichokuwa mtu, liandike daftarini palepale na utie duara.

Sasa ile iliyoanguka. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba baba yake Midoriya ni All For One. Nawaelewa walioiamini, kwa sababu pengo lipo na lina jina: Hisashi, anayefanya kazi ng'ambo, mwenye kipawa cha kupuliza moto, ambaye hatumwoni. Hiyo ni 3. Nyakati nazo zinakaribiana kidogo, kwa kuwa All For One alikuwa mafichoni na majeraha tangu All Might alipomvunja miaka mitano kabla ya hadithi kuanza, naipa 1. Jumla 4, na hapo inakwama. Ujuzi ni sufuri. All For One anapozungumza juu ya Midoriya, anazungumza juu ya mrithi wa One For All, kipawa alichokiwinda tangu enzi za mdogo wake. Hagusi nyumba, hagusi Inko, mama yake Midoriya, hagusi kitu ambacho baba pekee angekijua. Wala hakuna mahali mwandishi anapotuahidi kwamba Hisashi atarudi na jambo. Safu ya nne inajaa kwa sentensi moja: katika hadithi za vijana, baba asiyekuwepo ni kawaida mno. Zaidi ya hayo, nafasi ya mtoto aliyetengenezwa na All For One ilikwisha kukaliwa na Shigaraki, na mwishoni tukajua hata kile kipawa cha kuozesha alipandikiziwa na yeye. Manga ilifika tamati Agosti 2024 kwenye sura ya 430, Hisashi akiwa hajaonyeshwa uso.

Kuhusu vyanzo, mambo machache yanayoharibu kazi nzuri. Rangi haionekani kwenye kurasa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hoja ya macho au nywele ithibitishe kwa kurasa za rangi alizochora mwandishi, ndipo uende kwenye anime. Tafsiri za haraka za mashabiki hugeuza nani anamwita nani vipi, na kwa nadharia za ukoo hilo ndilo kila kitu. Subiri ile rasmi. Manga Plus, programu rasmi ya kusomea manga, inafanya kazi Kenya, sura mpya hufunguka Jumapili saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na za manga zinazoendelea unapata tatu za mwanzo na tatu za mwisho bila malipo. Kurasa zake ni picha nzito, zinamaliza bando. Zisome kwenye waifai, si ndani ya matatu ukiwa foleni ya Thika Road. Picha za skrini nazipa jina la sura na ukurasa, kwa mfano 290-07, la sivyo baada ya wiki kadhaa huna njia ya kujua kigololi kilikuwa wapi.

Na kabla ya kumsomea mtu daftari lako, muulize anasoma au anatazama. Sura ya 290 ilitoka 2020, lakini msimu wa sita wa anime ulianza Oktoba 2022, na kipindi chenyewe ni cha 11. Kwa anayetazama tu, namwonyesha safu mbili za kwanza hadi pale alipofika, ile ya nne namwachia aijaze mwenyewe.